Kijumba cha uani hupimwa kwa jirani

Matokeo ya Sensa ya 2022 yalipotangazwa, wengi tuliishika ile namba kubwa ya Zanzibar nzima, watu 1,889,773, tukaanza kuulizana hawa wote watakaa wapi. Namba iliyonishughulisha mimi ni ya Mkoa wa Mjini Magharibi, ambao mwaka 2012 ulikuwa na watu wasiofika laki sita na miaka kumi baadaye ukakaribia laki tisa. Maghorofa mapya ya Fumba yanatangazwa na kupigwa picha. Makaazi mengine yanaongezeka kimya kimya nyuma ya nyumba za Jang'ombe, Magomeni, Mpendae na Amani. Uani palipokuwa na mpapai na kamba ya kuanikia nguo pameinuka chumba na sebule, choo ndani, kuta za kijivu na nyeupe, bati limefichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa juu ya linta, na mbele kioo cheusi cha aluminiamu. Kila kinapoinuka kimoja, maneno ni yale yale. Wapo wanaosema mji unageuka msongamano wa mabanda, na wapo wanaosema hayo ndiyo maendeleo, mwenye wivu ajinyonge.

Naona pande zote mbili zinagombania jambo dogo. Ugomvi wao ni wa sura: ya kisasa au ya kizamani, inapendeza au haipendezi. Hoja yangu ni kwamba kujenga uani ndiyo njia ya zamani ya kukua kwa Ng'ambo, yaani mitaa ya mji wa Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, na kwamba kijumba hicho huendana na mtaa au huuharibu kwa namna kinavyomtendea jirani: dirisha lake linatazama wapi, maji ya paa lake yanaangukia kwa nani, choo chake kinamwaga wapi, na ule upepo uliokuwa ukiingia chumbani kwa watu bado unaingia au umeshazibwa. Yakishapatiwa majibu hayo, rangi na nakshi ni hiari ya mwenye fedha zake.

Nyumba ya Kiswahili tunayoifahamu, ile ya baraza mbele, ukumbi katikati na vyumba kushoto na kulia, haiishii kwenye mlango wa nyuma. Uani ni nusu ya nyumba. Huko ndiko kwenye jiko, choo, pipa la maji, mkeka wa kuchagulia mchele na mazungumzo yasiyofika barazani. Familia ilipoongezeka, nyumba ilikua kwa nyuma. Kijana akibaleghe hutengewa chumba cha uani chenye mlango wake. Akioa, chumba huongezwa upenu na jiko. Bibi akichoka kelele za wajukuu, huhamia yeye. Kuta zilikuwa za fito, boriti na udongo, paa la makuti, baadaye bati. Historia ya ardhi nayo iliusaidia utaratibu huu. Kwa muda mrefu mtu wa Ng'ambo aliweza kumiliki nyumba bila ya kumiliki kiwanja. Alimlipa mwenye ardhi kodi, kodi ambayo watu waligoma kuilipa mwaka 1928. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya umma, na sheria ya ardhi ya 1992 ikaubakisha msingi huo. Kwa hivyo kuinua jengo lako juu ya ardhi ambayo wewe si mwenyewe ni jambo tulilolizoea kwa vizazi, kama tulivyozoea mnazi kuwa wa huyu na ardhi ya yule. Mipango miji ya 1923, 1968 na 1982 ilikuja na ramani zake. Uani kuliendelea kujengwa.

Wanaotaka mabanda yazuiwe wana hoja moja nzito, nayo ni afya. Mji wa Unguja kwa sehemu kubwa unatumia maji ya chini ya ardhi, na jiwe letu la matumbawe limejaa vinyweleo na nyufa. Unachokimwaga leo hakikai ulipokimwaga. Choo kipya uani mara nyingi maana yake ni karo jipya, yaani shimo la kupokea maji machafu ya choo, na karo lisilo na sakafu, lililochimbwa hatua chache kutoka kisima cha jirani, ni hatari isiyoonekana mpaka watu waanze kuumwa. Kipindupindu cha 2015 na 2016 tunakikumbuka. Kuna na suala la njia: gari la zimamoto halipiti, gari la kunyonya karo halipiti, hata jeneza linapita kwa kuinamishwa. Asemaye haya hasemi ovyo. Lakini tuangalie hoja hii inadai nini khasa. Inadai karo lijengwe sawasawa na njia iachwe. Haidai uani ubaki mtupu. Nyumba kuu nayo ina karo lake, aghalabu kuukuu na bovu kuliko litakalochimbwa, na ujenzi wa kijumba ndiyo nafasi pekee ambayo familia huwa na fundi, saruji na fedha kwa wakati mmoja. Sharti la kwanza la kibali lingeweza kuwa hilo: hakuna choo kipya mpaka karo la zamani lifukiwe na lijengwe jipya la vyumba viwili, lenye sakafu ya zege, lihudumie nyumba zote mbili, na liwe upande wa njia ili mpira wa gari ulifikie. Katazo tupu halijafukia karo hata moja.

Hoja ya pili ni ya maghorofa: kwa nini tuhangaike na vijumba, tujenge kwenda juu. Zanzibar haihitaji kuulizia ughaibuni kuhusu jambo hili, kwa kuwa Michenzani ipo. Majengo yale marefu yaliyopangwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki katika zama za Karume yalibomoa nyumba nyingi za Ng'ambo na kutoa makaazi zaidi ya elfu moja, yenye maji ya bomba, umeme na choo ndani. Kwa wakati wake lilikuwa jambo kubwa, na Chake Chake, Wete na Mkoani nazo zikapata majengo ya aina hiyo. Simkejeli aliyeyajenga. Ila ghorofa lina tabia moja isiyorekebishika: haliongezeki. Mtoto akioa, nyumba ya vyumba viwili hubaki ya vyumba viwili, na ndiyo maana utaona veranda zilizozibwa kwa mbao na mabati ili zizae chumba. Watu walihamishiwa juu bila ya uani, wakajaribu kuutengeneza hewani. Maghorofa mapya ya uwekezaji, kwa upande wake, bei zake hazikupangwa kwa mwalimu wa skuli. Yajengwe, mji unayahitaji. Lakini anayetaka kumweka mama yake mgonjwa karibu, asikie akikohoa usiku, ghorofa la Fumba halimsaidii kitu.

Hoja dhaifu kuliko zote husemwa na watu wenye nia njema, tena wengi wao wasomi: kwamba kijumba kitakubalika kikivaa sura ya Kizanzibari. Watataka tao juu ya dirisha, mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba, labda na kibaraza cha kuchonga. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kwa pale masharti hayo yana mantiki. Jang'ombe ni kwengine. Mlango wa nakshi ulikuwa alama ya tajiri mwenye nyumba ya mawe; kuutia kwenye banda la tofali la nchi sita ni kama kuvaa joho la bwana harusi kwenda kununua samaki Darajani. Urithi wa Ng'ambo ni nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, fupi, yenye baraza, isiyomchungulia mtu. Na hata huko Mji Mkongwe tunakokunakili, tunanakili kisicho cha maana. Akili ya nyumba zile imo kwenye kuta nene, chokaa inayoruhusu unyevu utoke, ua wa ndani unaovuta hewa, na vyumba vyembamba. Wembamba huo uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo hazivuki zaidi ya mita tatu na kidogo, lakini matokeo yake ni chumba ambacho upepo ukiingia huku hutokea kule. Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la Mji Mkongwe, ilikuwa na sura zote tunazoziota, na sehemu yake ikaporomoka Disemba 2020. Sura haishiki ukuta.

Hata hivyo, wapenzi wa usasa nao wasishangilie. Paa lililofichwa, ambalo sasa kila fundi analo kwenye simu yake, ni mtindo ulioingia kwetu bila ya kuulizwa kama unajua masika. Unguja hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka, na Pemba hupata zaidi. Bati likifungwa ndani ya kuta nne, maji yote hutegemea gata moja lililojificha mahali ambapo hakuna anayepanda kusafisha. Majani ya mwembe wa jirani yakiliziba, maji hutafuta njia kupitia dari la gipsam. Zaidi ya hapo, paa hilo limeuondoa upenu, na upenu ndio uliokuwa ukikinga ukuta na dirisha dhidi ya jua na mvua kwa pamoja. Sisi tuko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta. Jua la mchana liko juu ya paa, la asubuhi na la alasiri linapiga kuta za mashariki na magharibi. Kioo kikubwa cheusi kilichoelekezwa magharibi, dirisha la kusukuma linalofunguka nusu, hakuna upenu: hapo umejenga tanuri, kisha utanunua kiyoyozi na kukilisha umeme wa Tukuza, huu wa kulipia kabla, mpaka wapangaji wako wahame.

Kwa hivyo kijumba kizuri kinakuwaje? Chukua uani wa mita 8 kwa 7, si mkubwa. Ukiacha mita 1 nyuma na mita 1 ubavuni kwa ajili ya kupita na kupaka rangi, ukajenga chumba chembamba cha mita 3 kwa 7, mbele unabakiwa na uani wa mita 3 kwa 8, unaotosha kupika, kuanika na kukaa. Mita 21 za mraba zinaingiza chumba cha kulala, choo cha kuogea humo humo na sebule ndogo yenye jiko la pembeni. Paa liwe la upande mmoja: ukuta wa nyuma kama mita 3.1, wa mbele mita 2.4, bati likiteremkia uani kwako na kutokeza upenu wa mita moja. Maji yanaangukia kwako, hayamwagikii kwa jirani. Wanaojua kesi za masheha, viongozi wa mitaa yetu, wanajua ni ugomvi wa miaka mingapi umeepukwa hapo. Paa hilo pamoja na upenu wake lina kama mita za mraba 30. Mvua kubwa moja ya milimita 50 inalipatia tangi lita 1,500, na katika mwaka mzima zinapita hapo kiasi cha lita 48,000, maji ambayo vyenginevyo yangeteremka kichochoroni kuelekea mabondeni, Sebleni na Mwanakwerekwe, ambako kila masika tunajionea yanakofikia.

Sehemu ya juu ya ukuta wa nyuma ndiyo inayofanya kazi ambayo watu hawaioni. Pale juu ya kimo cha mtu, chini ya bati, unatia mstari wa matofali yenye matundu. Hewa ya moto hupanda na kutoka kwa huko, ya baridi huingia kwa madirisha ya mbele yanayotazama uani wako mwenyewe. Kaskazi na kusi zote zinapata njia, na hakuna jicho linalopenya kwenda kwa mwenzio. Sitara ndiyo kanuni ya kwanza ya mtaa wetu, kabla ya vipimo vyovyote vya manispaa. Mwanamke aliyekaa uani kwake kichwa wazi, akisuka ukili, ana haki ambayo dirisha lako jipya linaweza kuifuta kwa siku moja. Ndiyo maana ghorofa la uani ni kosa kubwa kuliko rangi yoyote mbaya: dirisha moja la juu linafunua nyua nne au tano. Waislamu tunaikariri Hadithi isemayo hapana kudhuru wala kudhuriana, lakini tukifika kwenye msingi tunamwachia fundi aamue. Wanaodai kwamba uani ni wangu na nitajenga nipendavyo wanasahau kwamba ukuta wa uani una pande mbili.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Mchanga Unguja umepungua kiasi kwamba Serikali ilibidi idhibiti uchimbaji na uuzaji wake, kwa hivyo chumba chembamba na kifupi kinachokula tofali chache kina faida kabla ya uzuri wake. Ukuta wa zamani wa udongo au wa mawe na chokaa usiupige plasta ya saruji ukidhani unauimarisha. Unyevu utafungika ndani na ukuta utaoza kimya kimya.

Linaloniogopesha mimi kuliko saruji ni mirathi. Kijana amejenga uani kwa mama yake kwa fedha zake, kwa mdomo tu, mama akisema jenga mwanangu, hapa ni kwako. Mama akifariki, nyumba inarithiwa na watoto wote, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, na hapo linakuja swali: kijumba kimo ndani ya urithi au hakimo? Dada aliyeolewa Wete anataka fungu lake, kaka anaonyesha risiti za mabati, na aliyeyasikia maneno ya mama ni jirani aliyekwishazikwa. Kesi inafika kwa Kadhi ikiwa imeshavunja undugu. Karatasi moja iliyoandikwa kabla ya kuchimba msingi, mbele ya sheha na ndugu wote, ikisema ni nani mwenye jengo, kama kupewa ni zawadi au ni ruhusa ya kukaa tu, na itakuwaje ikiwa nyumba itauzwa, ni sehemu ya usanifu kama yalivyo madirisha. Mafundi hawataiuliza karatasi hiyo. Manispaa ingeweza kuiuliza.

Siku hizi pia yupo mwenye uani anayefikiria mgeni badala ya mwana. Watalii waliopita laki saba mwaka 2024, na michuano ya AFCON ya 2027 inayosubiriwa, vimewafanya watu waanze kupiga hesabu za Airbnb. Sina ugomvi na riziki ya mtu, mradi leseni za Kamisheni ya Utalii zifuatwe. Lakini mpangaji mgeni anabadilisha mchoro mzima. Mtoto wa nyumba anaweza kupita ukumbini na kuvuka uani. Asiye wa nyumba anahitaji mlango wake wa kichochoroni, na uani unahitaji kugawiwa ili wenyeji wasigeuke wafungwa wa chumbani. Nyumba isiyo na kichochoro cha pembeni haifai kwa biashara hiyo, hata kijumba kikiwa kizuri namna gani.

Tukivizuia vijumba hivi, watu watakwenda wapi? Watakwenda wanakokwenda sasa: Fuoni, Kianga, Mwera, hadi Tunguu, kununua vipande vilivyokatwa kutoka kwenye eka tatu walizogaiwa wakulima baada ya Mapinduzi na kwenye mashamba ya mihogo na minazi. Unguja ina udongo wa kina upande wa magharibi na katikati. Mashariki ni maweni. Mji unatanuka hasa juu ya ule udongo mzuri, na kila familia changa iliyokosa nafasi uani kwa wazee inachukua kipande chengine cha shamba, inangoja barabara, bomba na nguzo ya umeme, na inamwacha bibi peke yake Miembeni na nyumba yenye nafasi nyuma. Ukilitazama suala kwa hesabu hiyo, kijumba cha mita 21 kinalinda shamba ambalo mwenye kijumba hatawahi kuliona. Pemba, ambako Chake inapanda na kushuka vilima vya Madungu na Tibirinzi na ardhi tambarare ni haba, hesabu ni kali zaidi, kwa kuwa kiwanja kipya karibu kila mara ni mteremko wenye mikarafuu.

Manispaa za Mjini, Magharibi A na Magharibi B, na mabaraza ya miji ya Pemba, wana jambo moja wanaloweza kulifanya bila ya kungoja mpango mkuu mwengine. Wachore michoro minne au mitano ya vijumba vya uani, waiweke wazi kwa sheha wa kila shehia, na atakayejenga kwa mmoja wapo apate kibali haraka na kwa ada ndogo. Masharti yawe machache na yenye kukagulika kwa macho: jengo liwe la chini tu, lisiwe na ghorofa, maji ya paa yarudi kwa mwenyewe, karo moja la nyumba zote, hakuna dirisha la chini upande wa jirani, njia ya mita moja nyuma, karatasi ya makubaliano ya familia. Sheha na majirani wanaopakana waonyeshwe mchoro kabla ya msingi, kwa sababu leo jirani hujua kuna ujenzi anapoona lori la tofali limesimama mlangoni kwake, na wakati huo hata ombi la busara huonekana ni husda. Anayetaka tao na nakshi atie kwa fedha zake, anayetaka kijivu na nyeupe apake.